Mkanda mpya, kelele zilezile

SWALI: Shikamoo fundi. Gari langu hulala nje hapa Raskazone. Asubuhi nikiwasha, mkanda wa injini unalia. Nimefunga mpya, bado. — Msomaji wa Tanga

JIBU: Marahaba. Injini ikiwaka, nyunyizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji. Mikono na kanga viwe mbali! Kelele ikikata kisha ikarudi, puli (magurudumu yanayopitisha mkanda) hazijanyooka. Ikizidi, mkanda umelegea: tazama tenshena, kile kifaa kinachoukaza. Zima, vua mkanda, zungusha kila puli kwa mkono. Inayokwaruza, beringi imekwisha. Upepo wa bahari nao hula puli kwa kutu.

Je, saizi ni yenyewe? Mkanda ulioandikwa 6PK1200 ni mifereji 6, urefu milimita 1200. Muuza spea akisema “huu unakaribiana”, mrudishie. Dawa ya kupulizia achana nayo, inaficha ugonjwa tu.