Mingazi ikizidi, miti mingine itabaki?

Swali: Bwana agronomu, ninakaa Kadutu, hapa Bukavu, lakini shamba la ukoo liko Shabunda. Tangu wakati wa babu mingazi yetu, yaani michikichi ya mawese, imesimama katikati ya miti ya pori. Baba mdogo anataka kuiongeza mara tatu, na anaapa hatakata mti mkubwa hata mmoja. Je, pori litaumia?

Jibu: Litaumia, mama, na shoka halitahusika. Ogopa panga. Mingazi mingi inataka mwanga, na wachumaji wanataka njia ya kupitishia mikungu, basi chini kutafyekwa kila mwaka. Pamoja na majani itakwenda miche ya miti ya mbao kama mvule na libuyu. Wazee watabaki wamesimama bila mtoto wa kuwarithi.

Mvule una shida nyingine: kuna dume na kuna jike. Jike aliyebaki peke yake, dume likiwa mbali, hazai mbegu.

Brazil wameyaona haya kwa asai, jamaa ya mngazi anayeota kwenye mabonde yanayofurika karibu na mlango wa mto Amazon, jimbo la Pará. Soko la matunda lilipopanda, wenyeji wakaizidisha humohumo msituni. Watafiti walipohesabu, penye zaidi ya mafungu 200 ya asai kwa hekta aina za miti zilikuwa zimepungua kwa kama asilimia 60. Ukipita na mtumbwi unaona kijani tu, huwezi kujua. Asai huchipua mashina mengi pamoja, mngazi ni shina moja, basi hesabu hiyo msiihamishe ilivyo; lakini kivuli chake kizito, na shamba la mingazi mitupu hupandwa kama 143 kwa hekta.

Usimtishe baba mdogo kwamba bila pori hatapata mawese. Atakushinda: mdudu anayebeba poleni ya mngazi huzaliana ndani ya maua dume ya mngazi wenyewe. Asai ndiyo inayotegemea zaidi nyuki na wadudu wa msituni.

Ninyi pimeni mraba wa mita 20 kwa 20, mhesabu aina za miche isiyozidi kimo cha mtu. Fungeni kipande cha kitenge kwenye ile ya kuachwa, mfyekaji aione kabla ya panga kufika. Ukingo wa kijito msiuguse. Na mingazi mipya? Kama mna mashamba ya zamani yaliyolala karibu na njia, apande huko. Hata mikungu haitamvunja mgongo.