Shamba la machungwa Muheza: kagua haya kabla ya kulipa

Mkuu, umesema umehamishiwa halmashauri ya Muheza, mkoani Tanga, umeonyeshwa shamba la machungwa la ekari tatu na mwenye nalo anataka hela wiki hii. Usikubali kuharakishwa.

Hesabu miti kwanza. Kwa nafasi ya mita 6 kwa 6, ekari moja inabeba kama miti 110. Ukikuta 70, uliza mingine imekufa na nini, maana kilichoiua huenda bado kimo humo udongoni.

Halafu inama kwenye shina. Michungwa mingi hubebeshwa juu ya mlimao, yaani kikonyo cha mchungwa huunganishwa kwenye shina la mlimao, na pale ilipobebeshwa panabaki kovu. Kovu hilo linatakiwa liwe juu ya ardhi walau shubiri moja. Likifukiwa na udongo au takataka za palizi, shina linaanza kuoza: gome linapasuka na kutoa utomvu mzito kama gundi. Kwangua kidogo kwa kisu. Ukikuta kahawia chini ya gome, na imezunguka nusu ya shina, mti huo usiuhesabu kwenye bei. Tazama pia machipukizi yaliyoota chini ya kovu. Hayo ni mlimao, yana miiba mirefu. Yakiachwa yanakula mti wote, na mwenye shamba anashangaa kwa nini mchungwa wake unazaa malimao.

Okota machungwa kama kumi yaliyodondoka, uyapasue. Funza ndani maana yake nzi wa matunda wamejaa, na dawa ya kupuliza peke yake haitakutoa. Kazi ni kuokota kila wiki bila kuruka na kufukia futi mbili kwenda chini. Ukifukia juujuu nzi wanatoka tena. Ukiona majani yamesokotwa pamoja kama kifuko na sisimizi wekundu wanapita, hao ni majimoto. Wachumaji hawawapendi kwa jinsi wanavyouma, lakini waache, wanakulindia matunda.

Uliza na aina. Mavuno makubwa huja kati ya Mei na Agosti, soko linafurika, bei inalala. Valencia inachelewa kuiva, kwa hiyo shamba lenye mchanganyiko lina unafuu.

Sasa mtego ambao wageni wengi hawaujui: wakulima wengi huuza mzigo ukiwa bado maua. Unaweza kulipia shamba leo, kesho Fuso ikaja na vijana wa kuchuma, na wana karatasi halali. Mkataba useme wazi matunda ya msimu huu ni ya nani.

Kuhusu ardhi, nenda na mwenyekiti wa kitongoji, zungukeni mipaka pamoja na majirani wote wa pande nne. Kama ni la urithi, mke na ndugu wa muuzaji wawepo na wasaini. Mauziano yapite kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji, uondoke na nakala ya muhtasari wenye muhuri. Saini ya mtendaji peke yake haitoshi. Na kwa kuwa Muheza imezungukwa na mashamba ya mkonge, ukisikia neno "estate" (shamba kubwa kama hayo) katika maelezo ya muuzaji, pitia ofisi ya ardhi ya wilaya uhakikishe eneo halimo ndani ya hati ya mtu mwingine.

Ukianza kuuza, kumbuka ushuru wa mazao wa halmashauri ni wa mnunuzi kulipa. Asikukate kwenye bei yako.