Amparo katika barua za Granados

Ndugu, umeuliza kama Amparo Gal ana nafasi yoyote katika barua za Enrique Granados, mtunzi wa muziki wa Hispania, au ni jina la mke tu la kujazia wasifu. Nafasi anayo, tena kubwa: yeye ndiye mwandikiwa. Walioana Barcelona mwaka 1892. Kazi ilipompeleka mume Madrid, kwa mfano alipokuwa akiandaa opera yake María del Carmen iliyoanza kuoneshwa Novemba 1898, Amparo alibaki na watoto na barua zikamfuata nyumbani. Humo ndimo tunamkuta Granados akiwa hana koti la jukwaani.

Kuna jambo moja hunigusa. Opera yake Goyescas ilipooneshwa mara ya kwanza New York, tarehe 28 Januari 1916, furaha yake tunaisoma katika barua aliyomwandikia mtunzi mwenzake, Amadeu Vives. Kwa nini si kwa Amparo? Kwa sababu safari hii walikuwa pamoja. Mtu unayelala naye chumba kimoja utamwandikia nini?

Granados akaalikwa kupiga piano Ikulu ya Marekani, wakakosa meli ya kwenda Hispania moja kwa moja, ikabidi wapitie Uingereza. Tarehe 24 Machi nyambizi ya Ujerumani ikaipiga torpedo meli yao, Sussex, ikielekea Ufaransa. Wote wawili wakafa, wakaacha watoto sita. Meli yenyewe, ajabu, haikuzama yote. Sehemu iliyosalia ilivutwa hadi Boulogne.