Maswali na Majibu: Vibao vya uyoga

Tangu nigusie hapa vibao vya ujenzi vinavyooteshwa kwa kuvu, simu yangu haipumziki. Najibu haya machache.

*Kinu cha mpunga hapa kwetu kinatupa maganda kila siku. Je, yanafaa? – Ahero*

Yanafaa, ila yana chakula kidogo. Yachanganye na pumba, au machicha ya miwa kutoka upande wa Muhoroni na Chemelil. Kuvu ya uyoga wa oista hula taka hizo huku ikitandaza nyuzi nyeupe zinazozishika kama gundi. Loweka, chemsha kwenye pipa kwa saa mbili au zaidi, acha ipoe kabisa, changanya na mbegu ya uyoga (yaani kuvu hai iliyokwisha kuoteshwa) kwa mikono safi, kisha shindilia kwenye fremu. Funika, weka gizani wiki moja au mbili. Kikishakuwa cheupe kote, kikaushe kwenye joto la nyuzi 70 hadi 90 ili kuvu ife. Ukiruka hapo, siku moja utakuta uyoga umechipua darini.

*Naweza kuinua ghorofa? – Kakamega*

La, ndugu yangu. Mwaka 2014 jijini New York walijenga mnara wa mita 13 hivi kwa matofali ya kuvu yapatayo 10,000. Ulisimama msimu mmoja tu wa kiangazi, ukavunjwa, matofali yakageuzwa mboji. Nguzo na kuta za kubeba mzigo waachie mawe na saruji.

*Sasa vina faida gani? – Nakuru*

Wewe unalala chini ya mabati, sivyo? Basi unaijua baridi ya Julai. Wenzako wa Kisumu wanaijua Februari saa nane mchana, na sisi sote tunaijua mvua inayotufanya tupigiane kelele mezani. Kibao hiki ni chepesi, kimejaa hewa, kinazuia joto na kelele. Mahali pake ni darini. Nairobi kuna kampuni, MycoTile, inayovitengeneza kwa taka za mashambani.

*Na gugu maji? – Dunga*

Linawezekana, mama, lakini zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za gugu ni maji. Wasusi wa hapo Dunga watakuambia: kazi yote iko kwenye kukausha.

*Vyangu vimegeuka kijani. – Bungoma*

Vyangu vya kwanza pia! Nilikuwa na haraka, nikatia mbegu mchanganyiko ukiwa bado moto. Mbegu ikafa, ukungu ukapata karamu ya bure. Mke wangu alivitupa kabla sijarudi nyumbani, na alikuwa na haki. Nawe tupa, mbali na nyumba, bila kuvifungua ndani.

*Mchwa je? – Busia*

Watavila, tena kwa furaha. Visiguse udongo wala ukuta wa matope, na kila mwezi panda darini na tochi utafute vile vijia vyao.