Mnaoanza roboti za mashindano, pimeni umeme kabla hamjagusa programu

Wadogo zangu wa sekondari, na nyie mlioingia chuo mwaka huu mkajiunga na klabu ya roboti, naandika haya kwa sababu kila mashindano yakikaribia napigiwa simu zilezile, "kaka roboti yetu jana ilikuwa inatembea vizuri leo imegoma", afu ukienda kukaa nao unakuta wameshabadilisha programu mara ishirini na kosa halijawahi kuwa kwenye programu. Mi nimepita hukohuko nikiwa form three, naongea kitu nilichokiona kwa macho.

Sisi tulianza na roboti ya kufuata mstari, ile ya kawaida kabisa, Arduino Uno (bodi ndogo inayobeba programu), draiva ya L298N (bodi inayozipa mota umeme), mota mbili za njano zenye gia, sensa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) kwa mbele na kigurudumu kidogo cha kuzungukazunguka nyuma. Betri tukaweka ile ya mraba ya volti 9, maana ndo ilikuwa inapatikana duka la karibu na tuliona volti 9 ni nyingi. Sasa ukiiwasha inaenda kama shubiri mbili hivi, inasimama, taa ndogo kwenye bodi inapepesa, inaanza upya kama ndo kwanza imewashwa. Siku tatu tunahangaika, huyu anasema punguza spidi, huyu anasema tumekosea kwenye loop (kile kipande cha programu kinachojirudia), mwingine kashusha programu nyingine kabisa mtandaoni, bado hivohivo. Mwisho tukaenda kwa fundi redio wa mtaani, wala hatukuwa na wazo kwamba atajua chochote kuhusu roboti, tulitaka atuazime mita ya kupimia umeme tu. Akagusisha zile ncha mbili kwenye betri, ikasoma 9 na kidogo. Akasema haya washa mota. Namba ikaporomoka palepale mpaka chini ya 5 na bodi ikazima, akatuangalia akasema, "Hii betri ya maiki mdogo wangu, nyie mmeibebesha gunia."

Yani ndo hapo nilipoelewa kwamba volti ni habari nyingine na uwezo wa kutoa mkondo ni habari nyingine. Mota inapoanza kuzunguka kutoka kusimama inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaovuta ikiwa inazunguka bila mzigo, na zikiwa mbili zinaanza pamoja ile betri ndogo haiwezi, volti zinashuka, Arduino inakosa umeme wa kutosha inajizima, mota zikisimama volti zinapanda, bodi inawaka tena, mchezo unaanza upya. Programu haina kosa hata mstari mmoja. Halafu L298N yenyewe ni draiva ya kizamani, inakula karibu volti 2 ndani kwa ndani na kuzigeuza joto, ndo maana kile chuma chake cha nyuma kinachemka, kwa hiyo ukiipa volti 7 mota zinaona kama 5 tu. Kama mnaweza kupata draiva ya TB6612FNG chukueni hiyo, ni ndogo, haipotezi sana, kwa mota zile za njano inatosha.

Kwa betri mi nawashauri seli mbili za lithiamu za 18650 zikiunganishwa mfululizo, zinakupa volti 7.4 na zikijaa kabisa zinafika 8.4. Ila muwe macho mnaponunua, kule Kariakoo na kwingine utakuta seli imeandikwa mAh 9900 (hicho ni kipimo cha chaji inayobeba), seli nzuri ya saizi ile inacheza kwenye 3500 hivi, sasa hiyo 9900 imetoka wapi? Mara nyingi hizo zinazojitangaza sana hazifiki hata nusu ya inayosema ukweli. Msiziache zishuke chini ya volti 3 kwa kila seli maana zinaharibika, na msiziache kwenye chaji usiku kucha bwenini mkiwa mmelala, hili nalisema kwa uzito wote, seli ya lithiamu ikishika moto haizimwi kirahisi, na chumba kina watoto na magodoro.

Kitu kingine cha umeme, kama mota zina betri yake na Arduino ina betri yake, graundi zote (zile nyaya za upande hasi) lazima ziunganishwe. Nimeona timu nzima imekaa mchana kutwa kwa sababu ya waya mmoja mweusi ambao haukuunganishwa. Na kabla ya kusema bodi imekufa badilisheni waya wa USB, kuna waya nyingi ni za kuchajia simu tu, ndani hazina zile nyaya za data, kompyuta haitaiona bodi hata ufanyeje. Zile Uno za bei nafuu nyingi zinatumia chipu ya CH340 kuongea na kompyuta, na baadhi ya kompyuta zinadai uweke kwanza draiva yake, hii ni programu, si ile bodi ya mota. Pini 0 na 1 msichomeke kitu, ndo njia inayopitia programu ikitoka kwenye kompyuta. Na ukitumia laibrari ya Servo (programu iliyo tayari ya kuendesha servo, mota inayogeuka kwa pembe unayoitaka) kwenye Uno, pini 9 na 10 hazitakubali tena analogWrite, ile amri ya kupangia spidi ya mota, kwa hiyo kama mota yako ya kulia iko kwenye 9 afu siku moja mmeongeza mkono wa servo, mota inaanza vituko na mtaapa imeungua.

Haya tuje kwenye sensa, hapa ndo palitutoa machozi kwelikweli.

Mashindano yetu ya pili roboti ilikuwa safi, umeme tumeshautengeneza, tumefanya mazoezi wiki mbili darasani kwenye karatasi nyeupe na tepu nyeusi ya mafundi umeme, haikosei. Siku yenyewe tumefika ukumbini saa tatu asubuhi, tukajaribu, ikapita vizuri, tukakaa tunasubiri zamu. Zamu yetu imekuja saa tisa alasiri. Jua limeshahamia upande wa pili, linaingia kwenye madirisha na kulala juu ya nusu ya uwanja, roboti ikafika kwenye ule mpaka wa kivuli na jua ikakata kona kama imeitwa, ikatoka nje ya mstari ikaenda zake. Mwenzangu aliyeandika programu alilia. Jua lina infraredi nyingi, na sensa zetu zinafanya kazi kwa kurusha infraredi na kusoma kinachorudi, sasa jua likimwagika pale sensa inaona nyeupe kila mahali, ile namba ya mpaka kati ya nyeusi na nyeupe tuliyoiandika kwa mkono ndani ya programu, 500 kati ya 0 na 1023, haikuwa na maana tena.

Kwa hiyo msiandike namba ya mpaka kwa mkono. Fanyeni roboti ijipime yenyewe kila ikiwashwa, iwekeni juu ya mstari, igeuke kidogo kushoto na kulia kwa sekunde nne tano, kila sensa ikumbuke namba ndogo kabisa na kubwa kabisa iliyoiona, afu programu igawe katikati ya hizo. Ni mistari michache tu, amri za map na constrain zinatosha. Zizungushieni sensa ukuta mdogo wa karatasi ngumu nyeusi ili mwanga wa pembeni usiingie, na zishusheni chini. Sensa ya infraredi ya TCRT5000 inasoma vizuri zaidi ikiwa karibu milimita 2.5 kutoka kwenye kitu na ikipita 15 haina maana, wakati wengi naona wamezifunga juu sentimita tatu zinaelea hewani. Najua chini kabisa zitakwaruza, wekeni milimita 4 au 5 mtaona tofauti. Na mkifika ukumbini muulizeni mwandaaji zamu yenu ni saa ngapi, mwende mkasimame pale muangalie jua litakuwa wapi saa hiyo.

Kuhusu PID, ile hesabu ya kuirudisha roboti kwenye mstari kwa namba tatu, Kp, Ki na Kd, watu wanaiogopa bure. Mfikirie mtu anajifunza baiskeli, akiona anatoka barabarani anakata usukani kurudi, jinsi anavyokata kwa nguvu ndo Kp. Akikata sana anavuka upande wa pili, anakata tena, anakwenda nyoka nyoka. Kd ni ile akili ya kuona "aa nimeshaanza kurudi, ngoja nilegeze usukani kabla sijafika katikati". Kwa hiyo anzeni na Kp peke yake, spidi ndogo, pandisheni mpaka ianze kutikisa kichwa, rudisheni nyuma kidogo, ndo muweke Kd mpaka itulie, baada ya hapo mpandishe spidi na kurudia. Ki, ile inayojumlisha makosa yaliyopita, kwa kufuata mstari mi huwa naiacha sifuri. Badilisheni namba moja tu kwa wakati mmoja na muiandike kwenye daftari pamoja na kilichotokea, ukibadilisha mbili ikapona hujui ipi imeponya.

Na hapa umeme unarudi tena. Mwaka uliofuata tulipanga Kp na Kd wiki nzima na betri ambayo ilikuwa imeshatumika, iko kama 7.2, usiku wa mwisho tukachaji zikajaa 8.4, asubuhi roboti ina nguvu mpya, inafika kwenye kona na spidi ambayo haijawahi kuwa nayo, inarushwa nje. Namba zilezile kabisa. Tangu siku hiyo kwenye daftari kila jaribio linaanza na volti za betri, tunapima, tunaandika, ndo tunaachia roboti.

Mambo ya mwili wa roboti siyasemi sana. Uzito mkubwa ukae karibu na magurudumu yanayovuta, tairi zifutwe vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo kabla ya kila raundi, waya za jampa zinachomoka kwa mtikisiko kwa hiyo ziwekeeni gundi ya moto au lehemuni kabisa. Na someni vipimo vya mashindano mnayoingia, mfano kwenye FIRST Tech Challenge (mashindano ya kimataifa ya roboti za wanafunzi) roboti mwanzoni lazima ienee kwenye boksi la inchi 18 kila upande, na waya au bawa likijitokeza kidogo tu mnarudishwa mkatengeneze wakati wenzenu wanafanya mazoezi. Kule sekunde 30 za kwanza roboti inajiendesha yenyewe bila mtu kushika chochote, afu ndo dakika 2 za kuendesha, na timu nyingi changa zinatumia muda wote kwenye kuendesha wakati hizo sekunde 30 zina pointi ambazo roboti rahisi ya kwenda mbele na kusimama inaweza kuziokota.

Andikeni programu zenu kwa Kiswahili jamani, namaanisha majina ya ndani, motaKushoto, motaKulia, mpakaMweusi, na maelezo ya kila kipande. Arduino haijali mmeita nini. Timu moja niliyoisaidia ilikuwa na kijana mmoja tu anayeielewa programu, akapata malaria siku mbili kabla, wenzake wakafungua kompyuta wakakuta a, b, temp2, hakuna aliyethubutu kugusa, wakaenda na ilivyo. Na wale walezi wa timu, hili linaniuma, wasichana msiwape kazi ya kupamba bango na kushika daftari mwaka mzima. Mzungusheni kila mtu, wiki hii wewe uko kwenye waya, wiki ijayo programu, ijayo kuendesha, maana hata majaji huwa wanauliza maswali na wanamtaka yule aliyekaa kimya ajibu.

Programu ifungwe usiku wa kabla ya mashindano, nakala kwenye flashi, nakala kwenye kompyuta ya pili. Asubuhi mnaruhusiwa kubadilisha namba tu.

Mkikwama niulizeni, najibu wote, ila njooni na namba: volti za betri ikiwa imepumzika, volti hizohizo mota zote mbili zikiwa zinavuta kwa nguvu, na kila sensa inasoma ngapi juu ya nyeupe na ngapi juu ya nyeusi.