Akili kuganda saa nane mchana

Umeuliza kwa nini akili inaganda saa nane mchana hata siku uliyokula kidogo. Ugali mwingi unachangia, ila saa ya mwili yenyewe hupunguza uchangamfu kati ya saa saba na saa tisa. Basi usipange kazi nzito kama kulinganisha hesabu za benki muda huo. Zimalize asubuhi, mchana bakiza kufaili risiti na kupiga simu.

Ukipata pa kujiegemeza, kunywa kahawa kikombe kimoja upesi, weka alamu ya dakika 20, fumba macho. Kafeini huchukua kama dakika 20 hadi 30 kuanza kufanya kazi, kwa hiyo unaamka nayo ikipanda. Usipitishe nusu saa: utazama kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa hapo kichwa kinakuwa kizito kuliko mwanzo. Usingizi usipokuja, tulia tu hivyohivyo, nako kunasaidia.

Kahawa ya saa kumi na moja jioni achana nayo. Mwili huondoa nusu ya kafeini kwa saa kama tano, kwa hiyo saa nne usiku nusu kikombe bado kiko damuni. Chai ya rangi nayo ina kafeini, wengi husahau.