Injini Imechoka: Ovaholi ya Nyumbani au Injini Nyingine?

SWALI: Fundi wetu, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Kibaigwa, wilayani Kongwa, na ninatumia Toyota Hilux yenye injini ya dizeli aina ya 3L kukusanya mahindi vijijini na kuyaleta sokoni. Tangu mwaka jana injini inakula oili, asubuhi inawaka kwa shida, ikiwa na mzigo inatoa moshi wa bluu, na imekwisha kuchemsha njiani zaidi ya mara moja. Kijana wa kaka yangu amehitimu ufundi wa magari VETA, nami nimeshika spana miaka mingi, kwa hiyo tunafikiria kuishusha injini hapa nyumbani na kuifanyia ovaholi, yaani kuifungua yote na kubadilisha vilivyolika. Shemeji yangu aliyeko Dar es Salaam ananiambia nisijisumbue, ninunue injini nzima kwa muuzaji wa Ilala anayesema anayo moja iliyotengenezwa upya kiwandani. Nifuate lipi? – Msomaji, Kibaigwa.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usitoe hata shilingi, iwe ya injini nyingine au ya vipuri vya ovaholi, mpaka bloku (mwili wa injini wenye silinda) na kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya injini uliyo nayo vimepimwa kwa mikromita, kwa sababu vyuma hivyo viwili ndivyo vinavyoamua. Vikiwa bado vinachongeka, ovaholi mtakayoifanya kwa uangalifu itakufaa kuliko injini ambayo hakuna anayejua imetokea wapi. Vikiwa vimepita kikomo, ufundi wa nyumbani hautaviokoa.

Nianze na injini ya Ilala, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Injini iliyotengenezwa upya kiwandani ni ile iliyofunguliwa yote, ikaoshwa mpaka kwenye njia za ndani za oili, ikapimwa kila sehemu, silinda na kranki zikachongwa kwa saizi mpya, vipuri vyote vinavyolika vikabadilishwa, kisha ikajaribiwa na kuuzwa kwa dhamana ya maandishi. Mara nyingi mnunuzi hutakiwa arudishe injini yake ya zamani, kwa kuwa hiyo ndiyo malighafi ya kiwanda. Nyingi zinazouzwa madukani kwetu si hizo. Ni injini za mtumba zilizotolewa kwenye magari yaliyokatwa nje, zikaoshwa kwa nje na pengine kupuliziwa rangi ya fedha. Sisemi kwamba zote ni mbovu, kwani zipo zilizowafaa watu kwa miaka, lakini ndani yake hakuna aliyetazama. Muuzaji huyo aulizwe mambo mawili tu: karatasi inayoonyesha saizi ya pistoni na beringi zilizowekwa, na dhamana iliyoandikwa kwa muda au kwa kilometa. Asipokuwa navyo, injini yake ihesabiwe kuwa ya mtumba na ilipiwe bei ya mtumba.

Sasa turudi kwenye gari lako, kwa sababu dalili ulizozitaja hazina chanzo kimoja. Kuwaka kwa shida asubuhi kunaweza kuletwa na plagi za kupashia moto zilizoungua, na hizo hubadilishwa bila kufungua chochote cha ndani, kwa hiyo anzeni nazo. Moshi wa bluu unaotoka gari likivuta mzigo huelekeza kwenye ringi, yaani pete za pistoni, na kuta za silinda. Ule unaotoka unapokanyaga mafuta baada ya gari kukaa sailensa, yaani kuunguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa muda mrefu huelekeza zaidi kwenye sili za vali.

Ili msibahatishe, fungueni nozeli (kipulizia dizeli) ya silinda moja, zungusheni kranki mpaka pistoni ifike juu kabisa vali zote mbili zikiwa zimefunga, kisha ingizeni upepo wa kompresa kupitia tundu hilo na msikilize. Mikono ikae mbali na feni, maana upepo unaweza kuizungusha injini ghafla. Upepo ukisikika kwenye tundu la kijiti cha oili, ringi au silinda imelika. Ukisikika kwenye bomba la moshi au njia ya hewa, vali haikai vizuri. Maji ya rejeta yakitoa mapovu, gasketi ya hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) imeungua au hedi imepasuka. Rudieni kwa silinda zote nne na muandike mlichokiona.

Kabla ya kushusha injini, fanyeni jambo jingine ambalo mafundi wengi hulipita: fungueni mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye injini, mpitishe kidole ndani yake. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, mmeshampata aliyezila silinda. Barabara za vijijini Kongwa wakati wa kiangazi hazina huruma, na mpira uliopasuka hata kidogo nyuma ya chujio huingiza vumbi linalosaga ringi kama msasa. Mkifanya ovaholi na kuuacha mpira huo, mtaifanya tena.

Kuchemsha nako kuna sababu zake, na hapa Dodoma sababu kubwa ni maji. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na yakitiwa kwenye rejeta mwaka baada ya mwaka huacha ukoko ndani ya mirija na kwenye njia za maji za bloku, mpaka joto linakosa pa kutokea. Ovaholi ikikamilika wekeni kulanti iliyochanganywa na maji yasiyo na chumvi, na rejeta isafishwe kwa kufunguliwa, kwa kuwa kuimwagia maji kwa nje hakuuondoi ukoko huo. Nakusihi pia usikubali thamostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, itolewe. Bila thamostati injini hukaa baridi kupita kiasi na silinda hulika haraka. Tena kwenye injini ambazo thamostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji, kuitoa huyafanya maji yazunguke ndani bila kupita kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi linapopanda mlima.

Baada ya hapo ndipo mfungue. Silinda hupimwa juu, katikati na chini, kila mahali kwa pande mbili zinazokingamana, kwa kuwa hulika zaidi karibu na mwisho wa juu wa safari ya ringi na mara nyingi hupoteza umbo la duara. Kazi hiyo, pamoja na kuchonga silinda, kuchonga kranki na kusawazisha hedi, ipelekeni kwenye karakana yenye mashine. Kazi yenu nyumbani ni kufungua, kuosha, kupanga, kukagua na kufunga, na hiyo ni sehemu kubwa ya gharama mtakayoiokoa. Pistoni zilizozidishwa saizi kwa kawaida huja kwa hatua za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00, ingawa si kila injini ina hatua zote. Nunueni pistoni kwanza, kisha mzipeleke karakana pamoja na bloku, ili kila silinda ichongwe kulingana na pistoni yake. Mchongaji anayekubali kuchonga bila kuziona pistoni, mchukulieni bloku yenu mwende kwingine.

Bloku ikirudi kutoka karakana ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwa brashi, mpaka kitambaa cheupe mtakachopitisha kwenye kuta za silinda kitoke cheupe, halafu ipakwe oili papo hapo isishike kutu. Unga wa mashine uliobaki humaliza ringi mpya mapema sana, na kazi nzuri nyingi zimeharibikia hapo. Gasketi ya hedi ya injini hizi huja kwa unene tofauti, nayo huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku. Msinunue yoyote mtakayoikuta dukani. Bolti zikazwe kwa spana ya torki kwa mpangilio wa kitabu cha gari. Kama hamna spana hiyo, azimeni, lakini msikadirie kwa mkono. Nozeli nazo zipelekwe kwa fundi wa pampu zikapimwe, kwa sababu nozeli inayotiririsha dizeli badala ya kuipuliza inaweza kutoboa pistoni mpya.

Lini basi ununue injini nyingine? Bloku ikiwa imepasuka, silinda zikiwa zimekwisha kufika saizi ya mwisho, au kranki ikiwa imekatika au kupita kikomo cha kuchongwa. Nyingine ni ya biashara: kama mahindi yanaingia sokoni sasa na gari likikaa chini unakosa msimu mzima, injini ya mtumba iliyopimwa upepo mbele ya macho yako inaweza kuwa uamuzi wa busara. Ukifanya hivyo, kumbuka kwamba kadi ya gari ina namba ya injini, hivyo badiliko hilo lipelekwe TRA ukiwa na risiti ya ununuzi, usije ukasumbuliwa barabarani au siku ya kuuza gari. Kwa dalili ulizoeleza, mimi ningeanza na ovaholi.

SWALI: Gari langu aina ya Noah limetoka kufanyiwa ovaholi. Fundi ameniagiza niliwashe, likae sailensa kutwa nzima kwa siku kadhaa ili injini ilainike kabla ya kulipeleka barabarani. Je, ni sahihi? – Msomaji, Manyoni.

JIBU: Hapana, ndugu yangu, na agizo hilo limeharibu injini nyingi. Ringi mpya hukaa sawa kwenye kuta za silinda pale mgandamizo wa moto unapozisukuma nje, na mgandamizo huo hupatikana injini inapovuta. Ikikaa sailensa muda mrefu, kuta husuguliwa zikang'aa kabla ringi hazijashika, na oili itaendelea kupanda juu. Liwashe, hakikisha taa ya oili imezima na hakuna kinachovuja, liache lipate joto lake, kisha ingia barabarani bila mzigo mzito. Badilisha mwendo mara kwa mara, ukikanyaga mafuta kiasi na kuachia, na usilishikilie kwenye mwendo mmoja kutoka Manyoni hadi Singida.

Ukifikisha kati ya kilometa 500 na 1,000, mwaga oili na ubadilishe chujio lake. Chujio la zamani mwambie fundi alikate, mlikunjue karatasi yake juani. Chembe ndogo sana zinazometameta ni za kawaida kwa injini mpya. Vipande vinavyokwama kwenye ukucha si vya kawaida, na ukiviona gari lisibebe abiria hata mmoja mpaka beringi zifunguliwe na kutazamwa.